Maswali na Majibu: Namba ya Karatasi Haizeeki

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia jambo moja: michoro ya majengo inayokaguliwa kwa mtandao, na karatasi zilizorekebishwa ambazo mkaguzi anadai hazioni. Walioandika ni wachoraji walioko Marekani pamoja na wenzao wa Dar es Salaam na Nairobi wanaochorea ofisi za huko, kwa hiyo majibu mengi yanafuata utaratibu wa miji na kaunti za Marekani. Neno moja kwanza, maana nusu ya matatizo yanatoka hapo. "Karatasi" katika safu hii ni mchoro mzima wenye namba yake kwenye kona, kama A-101. "Ukurasa" ni mahali karatasi hiyo ilipo ndani ya faili la PDF. Karatasi A-101 inaweza kuwa ukurasa wa 5 leo na wa 7 kesho.

Swali: Nachorea ofisi ya msanifu majengo iliyoko Texas. Awamu ya kwanza tulipakia karatasi 22, kila moja na faili lake. Mkaguzi akarudisha maoni kwenye karatasi sita. Nilizirekebisha nikazipakia kwa majina kama A-101_Rev2_FINAL.pdf ili asichanganyikiwe. Sasa mfumo unaonyesha karatasi 28, na mkaguzi anasema hajaona marekebisho yoyote. Nimekosea wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Umekosea kwenye jina la faili, tena kwa nia njema. Mifumo ya ukaguzi kama ProjectDox hulinganisha jina la faili linaloingia na majina yaliyomo tayari ndani ya folda. Jina likilingana, faili jipya hukaa juu ya lile la zamani na kuhesabiwa toleo la 2. La zamani halipotei. Linabaki chini yake pamoja na maoni yote ya mkaguzi, na yeye anaweza kuyaweka matoleo mawili sambamba akaona ulichobadilisha. Jina likipishana hata kwa alama moja, mfumo hauna namna ya kujua kwamba hii ni ile ile. Unaihesabu karatasi mpya. Ndiyo maana 22 na 6 zikawa 28, na mkaguzi akifungua A-101 anakutana na ile aliyoikosoa.

Kwa hiyo faili liitwe A-101.pdf tangu siku ya kwanza hadi kibali kitoke na hata baada yake. Namba ya karatasi ni kama jina la mtu, na toleo ni umri wake. Hakuna anayebadilishiwa jina kila mwaka kwa sababu ameongeza umri. Umri wa karatasi unaandikwa kwenye kisanduku cha taarifa cha pembeni, palipo na jina la mradi, mhuri na tarehe, na unaandikwa pia kwenye orodha ya michoro. Namba ya toleo ya ndani ya mfumo itajiandika yenyewe.

Hata anayejua kanuni hii hunaswa na majina yanayofanana kwa macho tu. Hii ndiyo mitego tunayoiona mara nyingi:

A-101, A101 na "A 101" ni majina matatu tofauti. Chagua moja na ofisi nzima ishike hilo.

Kistari. Ukinakili jina kutoka barua iliyoandikwa kwa Word, huenda kistari kifupi cha kibodi kilishageuzwa kuwa kirefu. Kwenye skrini huwezi kuvitofautisha kirahisi, lakini kwa kompyuta ni alama mbili zisizohusiana.

Herufi O na tarakimu 0, herufi I na tarakimu 1. Anayefanya kazi usiku wa manane ataandika A-1O1 na asione kitu.

Alama (1). Ukipakua faili ambalo tayari lipo kwenye kompyuta yako, kivinjari huliita "A-101 (1).pdf". Ukilirekebisha hilo hilo na kulipakia, umeshazaa karatasi ya 23.

AutoCAD. Ukichapisha karatasi nyingi kwa pamoja kuwa mafaili tofauti, kwa kawaida programu huunganisha jina la mchoro na jina la ukurasa wa kuchapia, ukapata kitu kama "A-101-Layout1.pdf". Lazima likatwe kabla ya kupakia.

Namna ya kujikinga haichukui dakika kumi. Usiandike majina kwa mkono. Nakili orodha ya majina kutoka ndani ya mfumo wenyewe na uiweke safu ya kwanza ya Excel. Kisha fungua dirisha la amri la Windows kwenye folda yako, andika dir /b *.pdf > orodha.txt, na majina utakayopata uyaweke safu ya pili. Yapange yakae mkabala, halafu tumia fomula ya EXACT, siyo COUNTIF, kwa sababu COUNTIF haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na baadhi ya mifumo hutofautisha. Panapotokea FALSE, tatizo ndipo lilipo.

Kwa zile sita zako: mara nyingi mwombaji hawezi kufuta faili baada ya kuwasilisha. Mwandikie mratibu wa vibali wa mji, si mkaguzi. Mtajie majina sita kamili ya mafaili yaliyokosewa, omba yaondolewe na awamu ifunguliwe tena, kisha pakia kwa majina sahihi kwenye folda ile ile ya mwanzo. Jina sahihi ndani ya folda nyingine ni kosa lile lile kwa sura nyingine.

Swali: Herufi na tarakimu za A-101 zina maana gani? Kwetu tumezoea karatasi namba 1, 2, 3 hadi mwisho. Je, kuna ubaya? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Zina maana, na maana hiyo ndiyo inayookoa karatasi zinaporekebishwa. Utaratibu unaotumika sana Marekani ni ule wa National CAD Standard. Herufi ya mwanzo ni fani: G ni ya jumla, yaani jalada na orodha ya michoro, C ni kazi za nje ya jengo kama barabara na mifereji, L ni bustani, S ni nguzo, mihimili na misingi, A ni usanifu, F ni kinga ya moto, P ni mabomba, M ni mitambo ya hewa, E ni umeme. Tarakimu ya kwanza ni aina ya mchoro: 0 maelezo na alama, 1 ramani za sakafu, 2 sura za nje, 3 mikato (jengo kana kwamba limepasuliwa uone ndani), 4 sehemu zilizokuzwa kama vyoo na ngazi, 5 vipengele vya karibu, 6 majedwali kama ya milango na madirisha, 9 michoro ya pande tatu. Ya 7 na 8 zimeachwa wazi kwa mahitaji yako. Tarakimu mbili za mwisho ni mfuatano, kuanzia 01.

Sasa tazama kinachotokea ukiongeza mkato mmoja. Kwenye mfuatano wa 1 hadi 22, mkato ukiingia baada ya karatasi ya 7, ile ya 8 inakuwa 9, ya 9 inakuwa 10, na kumi na tano zote za nyuma zimepoteza majina yao. Mfumo utalinganisha karatasi ya 8 mpya na ya 8 ya zamani, ambayo ilikuwa mchoro wa vyoo. Kwenye utaratibu wa makundi, mkato mpya ni A-303 tu. Karatasi za mia nne na mia tano hazina habari.

Tarakimu ziwe tatu kila mara. Mifumo mingi hupanga majina kwa herufi, si kwa thamani, hivyo A-10 hutangulia A-2. Ofisi nyingi za nyumba za kuishi huandika A1.0, A1.1 na kadhalika. Mpango huo unakubalika kwenye karatasi, ila uliza kwanza, kwa sababu zipo ofisi za vibali zinazokataa nukta katikati ya jina la faili. Alama za # % & nazo ziache kabisa.

Angalizo dogo kwa mchoraji wa Afrika Mashariki: "first floor" ya Mmarekani ni sakafu ya chini kwetu. A-101 yake ni ile unayoingilia kutoka mlango wa barabarani. Ukikosea hapo, ramani ya ghorofa itapanda juu ya ramani ya chini kama toleo la 2, na hakuna mfumo utakaokuonya, kwa kuwa jina liko sawa.

Swali: Mji wetu unataka seti nzima iwe faili moja la PDF. Mkaguzi ameandika "rekebisha ukurasa wa 14". Ukurasa wangu wa 14 ni jedwali la madirisha na maoni yake yanahusu ngazi. Tunaongea lugha mbili? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Jibu: Ndiyo. Yeye anahesabu kurasa za faili la awamu ya kwanza, na wewe umeshaongeza kurasa mbele. Maoni yanayotaja ukurasa hufa siku ile ukurasa unapoongezwa. Jibu lako kwa mkaguzi litaje namba ya karatasi kila mara, hata kama yeye hakuitaja: "Maoni namba 9, karatasi A-401, kipimo cha kukanyaga ngazi kimebadilishwa, tazama mchoro wa 3." Baada ya jibu moja au mawili ya namna hiyo, wakaguzi wengi nao huanza kutaja karatasi.

Dawa yenyewe ni lebo za kurasa. Faili la PDF linaweza kubeba lebo kwa kila ukurasa, ili kwenye orodha ya pembeni paandikwe A-401 badala ya 14. Katika Bluebeam Revu, programu ya kusoma na kuhariri PDF, fungua paneli ya picha ndogo za kurasa, chagua Create Page Labels, kisha chagua kusoma kutoka eneo la ukurasa. Chora mstatili kuzunguka namba ya karatasi kwenye kona na uagize eneo hilo lisomwe kwenye kurasa zote. Mstatili uwe mkubwa kidogo kuliko maandishi, lakini usiguse tarehe wala jina la mchoro, la sivyo lebo itabeba vyote.

Hapa wengi hukwama: programu inarudisha lebo tupu. Sababu karibu kila mara ni fonti. Fonti za SHX za AutoCAD zikigeuzwa PDF zinakuwa mistari tu, si maandishi. Jicho linasoma A-401, kompyuta inaona vijiti. Namba ya karatasi na jina lake viwe kwa fonti ya TrueType kama Arial. Pia weka PDFSHX, mpangilio wa ndani ya AutoCAD, kuwa 0. Isipokuwa hivyo, AutoCAD hufanya kila neno la SHX liwe kama maoni yaliyobandikwa juu ya mchoro, na mkaguzi hufungua faili lenye maoni mia tatu ambayo hakuyaandika yeye.

Lebo zikikaa vizuri, kazi ya upande wa pili inakuwa nyepesi. Bluebeam ina Slip Sheet, inayoweza kulinganisha lebo, kuingiza karatasi mpya mahali pa ile ya zamani, na kuhamishia maoni yaliyokuwepo. Isiposoma lebo haina cha kushika.

Swali: Tupakie karatasi zote au zilizobadilika tu? (Msomaji, Houston)

Jibu: Soma maelekezo ya mji wako, maana hapa hawafanani. Kama kila karatasi ni faili lake, kwa kawaida ni zilizobadilika tu, pamoja na karatasi ya G yenye orodha ya michoro, ambayo nayo imebadilika kwa sababu tarehe zimebadilika. Hiyo ndiyo wanayoisahau. Kama ni faili moja, pakia seti nzima kwa mpangilio ule ule.

Swali: Imebidi niongeze karatasi mbili na kuondoa moja. Niache pengo au nipange namba upya zipendeze? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Acha pengo. Si rahisi mkaguzi akatae kibali kwa sababu tu namba zinaruka, lakini kupanga upya kunaharibu vitu vitatu kwa mpigo.

Cha kwanza umeshakijua: matoleo yanalinganishwa na karatasi zisizo zao. Cha pili ni vielekezi. Angalia duara lililokatwa na mstari wa kulala: juu pana 5, chini pana A-501. Linamwambia fundi aende karatasi A-501 atafute kipengele cha 5. Seti ya nyumba ya kawaida huwa na vielekezi vya aina hii kwa makumi. Programu ya kuchorea ya Revit huvibadilisha yenyewe namba ikibadilika. AutoCAD hufanya hivyo ikiwa tu mlitumia Sheet Set Manager na maandishi yaliyounganishwa. Yaliyoandikwa kwa mkono yanabaki yalivyo. Cha tatu ndicho hugharimu zaidi: mhandisi wa nguzo naye ameandika "tazama A-501" kwenye karatasi zake za S. Faili lake liko ofisini kwake, halijui kama umepanga upya.

Basi fanya hivi. Karatasi mpya inayojitegemea, ipe namba inayofuata iliyo wazi mwishoni mwa kundi lake: ikiwa mna A-501 hadi A-504, hiyo ni A-505, hata kama ungependa isomwe mapema. Karatasi inayoendeleza nyingine, mathalani jedwali la milango lililojaa likamwagika, ipe kiambishi: A-601A. Ukigawa karatasi moja kuwa mbili, sehemu iliyobaki na maoni mengi ya mkaguzi ndiyo ishike namba ya zamani.

Karatasi iliyoondolewa haitoki tu kimyakimya. Ukiacha kuipakia, toleo la zamani litabaki juu kwenye mfumo na linaweza kugongwa mhuri pamoja na nyingine. Tengeneza ukurasa wenye kisanduku kile kile na ukubwa ule ule, katikati uandike SHEET DELETED kwa herufi kubwa, uupakie kwa jina la karatasi hiyo. Kwenye orodha ya michoro mstari wake ubaki, pembeni uandike kwamba imefutwa na tarehe. Namba hiyo isitumike tena katika mradi huo, hata kama inavutia.

Wale ambao mji wao hutaka mafaili yaanze na namba ya mfuatano, kama "007 A-301", wana kazi ya ziada. Namba ya mbele nayo ni sehemu ya jina. Karatasi mpya ikiingia kati ya 007 na 008 usisukume zote. Uliza kama wanakubali 007A, au iweke mwisho.

Swali: Nimesogeza mlango mmoja futi moja tu. Mkaguzi anasema akizilaza karatasi mbili moja juu ya nyingine, zote zinageuka nyekundu na bluu, kana kwamba nimechora jengo jipya. (Msomaji, Minneapolis)

Jibu: Ulinganishaji wa kulaza hauelewi jengo. Unachukua ukurasa wa zamani na mpya, unaweka kona juu ya kona, na kila mstari usioangukia juu ya mwenzake unapakwa rangi. Kwa hiyo karatasi nzima ikisogea hata kidogo, yote yanaonekana yamebadilika.

Chanzo cha kwanza ni ukubwa wa karatasi. Ofisi nyingi za Marekani hutumia ARCH D, inchi 24 kwa 36. Mchoraji wa kwetu ana ANSI D ya inchi 22 kwa 34, au A1 ya milimita 594 kwa 841, na akichapisha kwa chaguo la "tosheleza karatasi" mchoro unajibana wenyewe. Kutoka 24 kwenda 22 ni kupungua kwa karibu asilimia 8. Mstari uliokuwa inchi 20 kutoka kona unaangukia inchi 18.3 hivi. Si ulinganishaji tu unaoharibika: kipimo cha robo inchi kwa futi hakisemi kweli tena, na mkaguzi anayepima upana wa korido kwenye skrini atapata korido nyembamba kuliko uliyoichora. Chapisha moja kwa moja, kwa ukubwa ule ule wa awamu ya kwanza.

Chanzo cha pili ni dirisha la mchoro ndani ya karatasi kusukumwa kwa bahati mbaya. Lifunge kwa kufuli baada ya awamu ya kwanza na usilifungue. Chanzo cha tatu ni karatasi iliyozungushwa nyuzi 90 wakati wa kuunganisha PDF. Cha nne ni kuchapisha, kusaini kwa wino na kuskani. Skana hupindisha karatasi kidogo na mistari inakuwa vidoti, hata ukiskani kwa 300 dpi. Miji mingi hukubali sahihi ya kielektroniki, basi itumie.

Jaribu mwenyewe kabla ya kupakia. Laza toleo lako jipya juu ya lile la zamani. Rangi inapaswa kuonekana sehemu nne: mlango, vipimo vyake, wingu (mstari wa mawimbi unaozunguka badiliko) ulilolizungushia, na kisanduku chenye tarehe. Ikionekana ya tano, ama umesogeza kitu bila kujua, ama kuna mtu ofisini amegusa faili.

Na ile nafasi tupu ya mhuri wa mji, kwa kawaida kwenye kona ya juu kulia, iwe mahali pale pale kwenye karatasi zote. Mhuri wa kielektroniki hugongwa kwa mkupuo, mahali pamoja kwenye kila karatasi. Ukiiweka penginepo kwenye S-201, mhuri utakaa juu ya nondo.

Swali: Mawingu ya awamu ya kwanza niyaache au niyafute? Na kwa nini pembetatu yangu inasema 2 na mfumo unasema toleo la 3? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Mawingu ya zamani yafute, pembetatu zake (zile ndogo zenye namba ya marekebisho) zibaki, na mstari wa kila awamu ubaki kwenye kisanduku. Mawingu ya awamu tatu kwenye karatasi moja humfanya mkaguzi asijue aangalie wapi. Lakini badiliko lolote la awamu hii lizungushie wingu, hata lile ambalo hakuna aliyekuagiza. Mficha uchi hazai: mkaguzi akikuta dirisha limesogea bila wingu, atasoma karatasi zote 22 upya, na ana haki.

Pembetatu na toleo la mfumo ni hesabu mbili. Pembetatu huhesabu awamu za marekebisho. Mfumo huhesabu mara ngapi faili limepakiwa. Ukipakia tena kwa sababu fonti iliharibika, mfumo unaongeza moja, pembetatu haibadiliki. Usizilazimishe zilingane. Kwenye Revit chagua kuhesabu kwa mradi mzima, siyo kwa kila karatasi. Hapo karatasi itaruka kutoka pembetatu 1 hadi 3 bila 2, na hiyo ni taarifa tosha: awamu ya pili haikuguswa.

Swali: Huku Pwani wateja wetu wakubwa wanafuata mtindo wa Uingereza wa majina marefu, na toleo P01, P02. Je, kanuni yenu bado inasimama? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Inasimama. Mtindo wa ISO 19650 kama unavyotumika Uingereza huunganisha kwa vistari mradi, kampuni, sehemu ya jengo, ghorofa, aina ya hati, fani na namba. Jina ni refu, lakini nalo halibadiliki. P01 na wenzake ni matoleo yasiyoidhinishwa bado, C01 ni lile lililokubaliwa kwa utekelezaji, na vyote hukaa kando ya jina kama taarifa ya ziada.

Mfumo unaowasilishia usipotunza matoleo, yatunze wewe. Tengeneza folda kwa kila awamu, iitwe kwa tarehe inayoanza na mwaka, kama 2025-03-14, ili zijipange. Tarehe iende kwenye folda. Faili libaki na jina lake.

Swali: Kibali kilishatoka. Mteja amebadilisha ngazi, tumechora A-401 upya na kuipakia. Fundi aendelee? (Msomaji, Seattle)

Jibu: Asiendelee na ngazi. Kazi nyingine aendelee. Kipengele cha 107.4 cha International Building Code, kanuni inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani pamoja na marekebisho ya kila jimbo, kinataka ujenzi ufuate michoro iliyoidhinishwa, na badiliko lisilolingana nayo liwasilishwe upya kwa idhini. Kupakiwa si kuidhinishwa. Kwenye mfumo A-401 mpya itaonekana juu kabisa kama toleo la 2, na hapo ndipo watu wa saiti hukosea: wanapakua iliyo juu wakidhani ndiyo halali, ilhali yenye mhuri ni ile ya chini yake.

Waambie wachapishe kutoka folda ya michoro iliyoidhinishwa tu, na watazame mhuri kabla ya tarehe. Mpya ikishagongwa mhuri, A-401 ya zamani itolewe kwenye seti ya saiti siku hiyo hiyo, ipigwe mstari wa kukingama na kuwekwa ofisini. Kama ngazi mpya imegusa mhimili, S-201 nayo iwasilishwe pamoja, kwa jina lake lile lile.